Familia tano, ziwa moja na kofia ya Bibi

Tulikuwa watu wazima 11 na watoto 14, na asubuhi ya kwanza nusura tumpoteze mmoja mchana kweupe, mbele yetu sote. Nasema mbele yetu, lakini macho yalikuwa kwenye vikombe vya chai, kwenye simu, kwenye stori za usiku uliopita. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapomweleza mtu kwamba tulipiga kambi familia tano kando ya ziwa, jibu huwa lile lile: "Basi mlistarehe, watoto walikuwa na walezi tele." Hata mimi nilikwenda na imani hiyo. Nilijiona nimepata likizo ya umama kwa siku tatu.

Kabla ya safari tulipatana mambo mawili tu: tarehe, na kwamba kila familia ijitegemee. Siku ile tuliona ni busara, maana kujitegemea kunaepusha masimango. Tulipofungua mizigo jioni tukakuta tuna pakiti tano za chumvi, birika nne, visu vya kuanzisha bucha, na hatuna hata sufuria moja ya kupikia watu 25. Makopo ya maharage yalikuwepo manane, kifungua makopo hakuna. Kila mmoja alijua mwenzake ataleta. Wali tukaupika kwenye sufuria tatu juu ya mioto mitatu. Mmoja ukaungua, mwingine ukawa kama uji, na wa tatu ukaiva vizuri kabisa, na huo ndio ulioleta maneno, kwa sababu ulitosha watu wanane.

Halafu kulikuwa na suala la moshi. Tulifika hifadhini saa tisa alasiri, upepo ukivuma kutoka ziwani. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mtu mwenye maoni juu ya kila kitu kuanzia fundo la kamba mpaka namna ya kumenya kiazi, akasema jiko liwekwe nyuma ya mahema, upande wa nchi kavu, ili moshi uende zake. Ulikuwa ushauri mzuri, wa mchana. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na ile ya ubaridi kutoka ziwani huja kuchukua nafasi yake. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa haraka, maji hubaki na uvuguvugu wake, na upepo huanza kutoka bara kwenda ziwani. Ilipofika saa nne usiku, moto wetu ulikuwa unafuka moja kwa moja kwenye milango ya mahema. Tulihamisha kaa la moto kwa koleo gizani, watu wakikohoa, mtoto mchanga analia, na Shemeji anaeleza kwamba upepo wa eneo hili si wa kawaida. Ulikuwa wa kawaida sana. Siku hizi jiko naliweka pembeni, sambamba na ufuko, hivyo upepo ukitoka huku au kule moshi unapita kando ya mahema.

Upepo huo huo wa usiku ndio uliotufanyia ya asubuhi.

Ilikuwa kama saa moja na nusu. Karibu na ufuko maji yalikuwa shwari, maana upepo ulikuwa bado unatoka bara na mahema na miti vilikuwa vinatukinga. Watoto saba au wanane (tazama, hata idadi siijui) walikuwa wanarushiana mpira mkubwa wa kupuliza, ule mwepesi kama puto, maji yakiwafika magotini. Mpira ukawaponyoka. Upepo ukauchukua polepole kuelekea katikati, na ubaya wa mpira wa namna ile ni kwamba unakwenda kama unaokusubiri. Ukisogea hatua moja, nao unasogea hatua moja na nusu. Binti yangu, miaka tisa, akaufuata. Maji ya magoti yakawa ya kiuno, ya kiuno yakawa ya kifua, kisha sakafu ya ziwa ikashuka ghafla na miguu ikakosa pa kukanyaga.

Hakupiga kelele. Nilikuwa nasuuza vikombe, labda hatua thelathini kutoka pale, na nilimwona. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliona kichwa kimelala nyuma, mdomo uko sawa na uso wa maji, nywele zimefunika macho na hazitoi, mikono inasukuma maji chini pande zote mbili kama mtu anayepanda ngazi isiyoonekana. Nikadhani anacheza. Nikasuuza kikombe kingine.

Baadaye nilisoma maelezo ya Francesco Pia, Mmarekani aliyekuwa mwokoaji kwenye fukwe za New York, ambaye miaka ya 1970 aliwachunguza watu wanaozama. Anaeleza kwamba anayezama kwa kawaida hawezi kuita, kwa sababu mwili hutanguliza kupumua, na mdomo unakaa juu ya maji muda mfupi mno hata kupata neno. Hawezi kupunga, maana mikono imeshughulika kujiinua. Hawezi hata kuudaka mkono unaonyooshewa kama uko mbali kidogo. Na yote hayo huchukua kati ya sekunde 20 na 60, kisha anakwenda chini. Mimi nilikuwa namsubiri mtoto apige ukelele ndipo nijue yuko hatarini. Kumbe anayeita na kupunga bado ana nafasi. Wa kumkimbilia kwanza ni aliyenyamaza.

Aliyeelewa alikuwa Bibi, mama yake Baba Mapacha, mwanamke ambaye hajui kuogelea na aliyekuja kambini, kwa maneno yake mwenyewe, kuhakikisha wajukuu hawali mchanga. Alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, kofia yake pana ya njano kichwani, haongei na mtu. Hakusema "jamani mtoto anazama." Alinyoosha kidole na kuita kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Baba Mapacha! Wewe! Mtoto yule, kwenye maji! Chukua dumu!"

Dumu lilikuwa la lita 20, tupu, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ya kuchotea maji. Baba Mapacha alilinyakua, akaingia mpaka maji yakamfika kifuani, akasimama pale pale miguu yake bado inagusa chini, na akalirusha. Mara ya kwanza likaanguka mbali. Mara ya pili likamfikia binti yangu mkononi, akalikumbatia. Baba Mapacha akamvuta kwa kamba kama anavuta mtumbwi. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri linabeba karibu kilo 20 kabla ya kuzama, na mtoto aliye ndani ya maji anahitaji kilo chache tu kumweka kichwa juu. Nasimulia kwa kirefu kwa sababu mume wangu, aliyefika sekunde chache baadaye, alikuwa tayari amevua shati ili ajitupe, na mume wangu anaogelea vibaya kuliko mimi. Tungekuwa na wawili wa kuwavuta.

Binti yangu alikohoa sana, akatapika maji, akalia, na kilio kile kilikuwa kitamu kwangu kuliko wimbo wowote. Tulimpeleka kituo cha afya asubuhi ile ile hata baada ya kikohozi kupungua, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Wakamweka chini ya uangalizi mpaka alasiri.

Kambini nyuma yetu, mume wangu aliyebaki na wadogo aliuliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: nani alikuwa anawaangalia? Pale ufukoni walikuwepo watu wazima saba. Kila mmoja alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa la kweli. Mama Mapacha alijua ni mimi, kwa kuwa binti yangu ndiye aliyekuwa mkubwa kwenye kundi. Mimi nilijua ni Shemeji, kwa kuwa alikuwa karibu na maji kuliko wote. Shemeji alisema, "Si tulikuwa wote tunawaangalia?"

Wote. Chuoni niliwahi kusoma jaribio la John Darley na Bibb Latané la mwaka 1968, nikalikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau. Waliwaweka wanafunzi kila mmoja kwenye chumba chake, wakazungumza na wenzao kupitia vipaza sauti, kisha wakasikia mmoja wao akishikwa na kifafa. (Ilikuwa rekodi, hakuna aliyeugua.) Kati ya waliodhani kwamba wao peke yao ndio wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada mgonjwa akiwa bado anasikika. Kati ya waliodhani wengine wanne pia wanasikia, walitoka asilimia 31. Hawakuwa na roho mbaya. Wengi walikuwa wanatetemeka. Kila mmoja alikuwa ameugawa mzigo kichwani mwake, akajibakizia sehemu ndogo. Bibi hajasoma jaribio lolote, lakini tazama alivyoita: kwa jina, kwa kidole, na kwa kutaja kitu cha kuchukua. Angeita "jamani," nadhani tungegeuka wote kutazama nani anakwenda.

Tuliporudi kutoka kituo cha afya kama saa kumi, Bibi alikuwa ameshatunga sheria. Alivua kofia yake ya njano akaipandisha kichwani kwa Shemeji, makusudi. "Mwenye kofia ndiye mwenye watoto," alisema. "Asiye nayo anywe chai yake."

Utaratibu ulijijenga wenyewe kwa makosa. Zamu ni nusu saa, kwa sababu baada ya hapo hata mwenye nia njema huanza kutazama bila kuona. Mwenye kofia hashiki simu, hakai mgongo kwa maji, hachomi nyama. Kofia haitui kwenye kiti. Hilo tulilijua baada ya mume wangu kwenda msalani na kuiacha kitini, na pacha mmoja wa miaka mitano akaja kutuambia, "Kofia iko peke yake." Na kofia haihami kichwa kimoja kwenda kingine mpaka wahusika wawili wamehesabu pamoja, kwa sauti: tisa majini, watatu mchangani, wawili hemani, kumi na wanne, pokea. Mara ya kwanza tuliona aibu, kama watu wazima wanaocheza mchezo wa watoto. Jioni ya siku ya pili kuhesabu kulikuwa kama salamu.

Sikutarajia kwamba tungepumzika zaidi. Kabla ya kofia nilikuwa nusu naangalia, nusu naongea, na vyote viwili navifanya vibaya. Baada ya kofia, zamu isipokuwa yangu nililala kwenye mkeka nikasoma kurasa arobaini mfululizo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu nijifungue.

Shemeji alileta hoja kwamba watoto wadogo wakivaa jaketi za kuokolea maisha, kofia haina kazi. Tukazikagua hizo jaketi. Kuna njia rahisi: mfunge mtoto mikanda yote, kisha mnyanyue kidogo kwa kushika mabega ya jaketi. Kama linapanda mpaka masikioni na mtoto anabaki chini, si saizi yake, na majini atachomoka vile vile. Kati ya saba tulizokuwa nazo, tatu zilipanda masikioni. Yale maputo ya mikononi tuliyaweka kwenye begi kabisa. Ni vitu vya kuchezea, yanachomoka, na yanampa mzazi usingizi.

Mpira nao ulipata sheria yake: ukienda, umekwenda. Hakuna anayeufuata, awe mtoto au mtu mzima. Watoto walinung'unika sana juu ya hili, mpaka binti yangu, aliyetoka kituo cha afya amevikwa sweta kwenye jua, akatembea kidogo ufukoni akiwa ameshika mkono wangu kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mbele yetu, mita mia kadhaa kutoka pale ulipoondokea, mpira ulikuwa unagongagonga mawe. Upepo wa mchana ulikuwa umeurudisha. Aliutazama, hakuugusa. Akauliza kama tunaweza kurudi hemani.

Baada ya hapo tulianza kuitafuta kofia katika kila kazi, maana tulishajijua. Chakula kilipangwa upya: mlo mmoja, familia moja, inapika kwa ajili ya wote na kuosha vyote. Sufuria kubwa tuliazima kwa askari wa hifadhi. Nyama iliyobaki nje tangu jana yake tuliitupa, pamoja na malalamiko ya mwenye nyama, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema imekaa kwenye joto muda gani, na zaidi ya saa mbili nje ya baridi ni kubahatisha. Maji ya kunywa yalipata mtu wake wa kuyachemsha na kusubiri yatokote kabisa kwa dakika nzima (walio kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,000 wasubiri tatu). Vyombo tulikuwa tunasuuzia ziwani, nami nikiwa wa kwanza. Askari alitufundisha kubeba maji hatua mia kutoka ufukoni, mita 60 hivi, na kuyamwaga kwenye udongo, hata kama sabuni ni ile iliyoandikwa kwamba haidhuru mazingira. Suala la michango ya fedha sitalieleza sana. Tulibishana kama tugawane kwa familia au kwa vichwa, watu wakanuniana nusu siku, tukaishia eneo la hema kwa familia, chakula kwa vinywa, watoto wadogo nusu na mtoto mchanga bure.

Moto ulihitaji mwenyewe kuliko vyote. Usiku wa pili baridi ilishuka, na zamu ya moto ilikuwa yangu. Nikamwona baba wa mtoto mchanga amebeba jiko la mkaa kwa vitambaa viwili, anaelekea hemani kwake.

"Kaka, hilo jiko linakwenda wapi?"

"Ndani, dada. Moshi umeshaisha, ni makaa matupu."

Makaa matupu ndiyo mabaya. Moshi ungemkohoza akaamka. Mkaa unaofifia hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndani ya hema lililofungwa, aliyelala huzidi tu kulala. Nilimweleza hivyo, naye akaniangalia kama ninayemnyima joto mwanawe. Pengine siku nyingine ningenyamaza, mtoto si wangu, hema si langu, na kuna watu wazima wengine. Lakini moto ulikuwa wangu usiku ule. Jiko likabaki nje, nikalimwagia maji, nikakoroga majivu, nikamwaga tena mpaka nikaweza kuweka kiganja juu yake. Tukawajazia chupa mbili za maji ya moto, tukazikaza vifuniko na kuzifunga kwenye taulo, na blanketi moja kati ya walizojifunika tukaitandika chini yao, kwa sababu baridi ya hema hutoka ardhini zaidi kuliko hewani. Asubuhi mke wake alinishukuru. Yeye mwenyewe alinisalimia kwa mbali.

Lililobaki gumu ni kuonyana watoto. Mtoto wa mwenzako anatupa mawe. Unamkemea au unamwita mama yake? Tulikubaliana kwamba hatari inazuiwa na yeyote aliye karibu, hapo hapo, bila kuomba ruhusa, lakini adabu ni ya wazazi. Ilifanya kazi kwa kiasi. Mama Mapacha na mimi tulikosana siku nzima juu ya neno moja nililomwambia mwanawe, na mpaka sasa naona neno lenyewe lilikuwa la haki.

Siku ya kuondoka tulifungasha tangu saa mbili asubuhi. Mahema yalikuwa na maji ya umande ndani kwa pumzi za watu, tukayatandaza juani kwanza. Vigingi vilipungua vitatu. Watoto 14 tukawapanga kwenye magari na kuwahesabu mara mbili. Bibi akawa anazunguka, anainua mikeka, anachungulia ndani ya masanduku. Anatafuta kofia yake. Tukaulizana: nani alikuwa nayo mwisho? Kila mmoja akamtaja mwenzake.

Alikuwa bado ufukoni. Shemeji, amesimama wima, kofia ya njano kichwani, mikono nyuma, anatazama ziwa ambalo halikuwa na mtu. Zamu yake ilikuwa imekwisha saa nzima iliyopita.

"Hakuna mtu aliyekuja kupokea," alisema, bila kugeuka.